Maji ya Mvua kwa Ndevu za Jumamosi

Alhamisi asubuhi binti wa mzee wangu mmoja alinipigia simu akasema maneno machache tu: "Anko, baba hatunaye." Nilikuwa nyumbani Tegeta, mbele ya kioo, shavu moja nimeshanyoa na jingine bado lina povu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia hivyohivyo, povu likinikaukia usoni. Marehemu alikuwa mzee wa Tabata, msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, aliyeondoa makosa kwenye makala zangu za mwanzo na baadaye akanifundisha kunyoa ndevu. Nyie wasomaji hamkumjua, ila kama mmewahi kuona kwenye safu hii sentensi iliyonyooka, mjue mkono wake ulipita.

Msinicheke. Kwake yeye kunyoa kulikuwa starehe, kama wengine wanavyopenda bao au mpira. Miaka ile nilikuwaga na vipele shingo nzima kwa kujiparua na vijiwembe vya plastiki huku natafuta viatu. Siku moja akaniangalia, akaguna. "Kijana, ndevu hazifyekwi. Zinanyolewa. Njoo Jumamosi." Nikaenda. Uani kwake nikakuta viti viwili, kioo kwenye msumari, birika la maji moto, brashi ya manyoya, sabuni ndani ya kikombe, na mashine ya chuma ya kufungia wembe. Wembe wa kukunja, ule mrefu wa vinyozi wa zamani aliourithi kwa baba yake, ulitoka Krismasi, Pasaka na siku za harusi tu, na kabla ya kuutumia aliupitisha kwenye mkanda wa ngozi bila haraka yoyote. Nilipojikata, na nilijikata sana, alinipa jiwe la shabu nibane damu ikatike, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Umenyoa au umechinja?"

Kilichonivunja mbavu zaidi ni maji. Kisima chao kina maji ya chumvi, nayo hayatoi povu hata usugue mpaka kesho. Kwa hiyo mzee alikinga ya mvua, akayatunza kwenye dumu la njano aliloliandika kwa rangi nyekundu: NDEVU. Jumamosi moja mkewe aliona maharage hayaivi kwa maji ya kisima, akalimimina dumu lote sufuriani. Mzee akalinyanyua, likawa jepesi. "Mama, ndevu zangu ziko wapi?" Mama akajibu kutoka jikoni, "Zimo kwenye maharage, karibuni mle!" Alinuna mpaka sahani ya pili.

Jiji hili halina subira na uso wa mtu. Saluni mashine inakupitia dakika tano, jicho la kinyozi kwenye televisheni, lako kwenye simu. Pale uani simu tuliziacha ndani. Wanaume wawili wenye povu hadi masikioni hawawezi kujifanya wakubwa, hivyo tuliongea ya kweli: hofu yangu ya kustaafu, mwanangu aliyekuwa hanisemeshi, hata kifo. Sijui mahali pengine Dar es Salaam ambapo mwanamume anaongea hivyo na hajalewa.

Mwaka huu kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia. Akanipigia simu, ulimi mzito. "Kijana, mkono umegoma. Njoo uninyoe wewe." Nikamjibu, "Naam mzee, Jumamosi nipo hapo." Jumamosi ya kwanza nilikuwa na kikao cha harusi. Ya pili nilikuta foleni, nikageuza gari katikati ya njia. Ya tatu nikasema nimepata ishu ya kazi, na ulikuwa uongo. Niliogopa, basi. Niliogopa kuuona uso ule umepinda, niliogopa kumshika kidevu mtu niliyemwamkia shikamoo miaka yote. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Hawakusema huumiza tumbo la nani.

Msibani nilimpa mama pole. Akaushika mkono wangu, wala hakuwa na hasira. "Kila Jumamosi alikaa pale uani, taulo shingoni. Nikimwambia nikunyoe mie, anakataa. Anasema, mwenzangu yuko njiani. Anakaa mpaka maji yanapoa." Angenitukana, ningepumua.

Nikawaomba watoto wake ruhusa, wakakubali. Siku ya kumchukua mochwari niliingia na mwanawe mkubwa, nikiwa na wembe wa kukunja, brashi, na maji ya lile dumu, niliyoyachemsha jikoni kwao na kuyatia kwenye chupa ya chai. Ndevu za wiki tatu zilikuwa nyeupe tupu. Nilijaribu maji kwa kiganja nisije nikamuunguza. Nikapaka povu, nikaivuta ngozi kama alivyonifundisha, nikashuka na shavu polepole. Chini ya kidevu mkono ukateleza, nikamkata. Nikaruka kuchukua shabu, nikaibana pale kwa nguvu, huku nasema, "Samahani mzee, samahani, samahani." Mwanawe akanigusa bega. "Anko," akasema, "hamna damu."

Nilimaliza kumnyoa. Alipendeza, na kila aliyepita kuaga alisema hivyo, na kila aliyesema alinichoma. Ndugu msomaji, kama kuna mtu amekuomba kitu kidogo cha mikono yako, usimpe Jumamosi. Mwendee leo, angali anaweza kukuuliza kama umenyoa au umechinja.