Mikono Iliyojifunza Makasi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya ubongo, hospitali moja ya Kericho, nilikabidhiwa tepu na mkebe wa jeli. Kazi ilikuwa kubandika elektrodi, yaani vidude vya chuma vinavyonasa umeme wa ubongo, kichwani mwa mgonjwa. Niliuliza umeme huo unathibitisha nini hasa. Daktari Mkuu akacheka. "Kijana, pima kwanza. Utabisha saa ya chai."

Nilibisha miaka sita.

Mama Kerubo, mchuma chai wa Boito, aliletwa na dada yake baada ya kuugua homa ya ubongo. Nyapara akimtuma bloku hii ya shamba, alienda ile, kisha akaapa kwamba hakuambiwa. Kampuni ilitaka kujua: anaumwa au anajifanya? Jibu lingeamua kazi yake na nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi.

Nilimpeleka kwenye michai nyuma ya hospitali. Alichuma majani mawili na chipukizi bila kukosea. Nikaandika: "Anakumbuka vizuri. Anajifanya." Daktari Mkuu alikuwa likizo, ripoti ikaenda. Mama Kerubo akapewa wiki mbili ahame.

"Nani alikuambia kuchuma na kukumbuka ni kitu kimoja?" Daktari Mkuu aliniuliza aliporudi. Akaeleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna hipokampasi. Seli zake zikiwaka pamoja, hufunga mahali, sura na maneno kuwa tukio moja. Mazoea ya mikono hutunzwa kwingine. "Na elektrodi zako za juu haziioni vizuri."

Nikamwambia athibitishe.

Siku tano tulimfundisha Mama Kerubo makasi ya kuvunia chai, ambayo hakuwahi kuyashika. Kila asubuhi alisema, "Hii sijawahi kuiona, mwanangu." Kila asubuhi mikono iliongeza kasi. Siku ya tano alinishinda. "Wewe unakata kama unanyoa mbuzi!"

Katika ripoti ya pili nilitaja kosa langu. Kampuni ikambakisha kazini, kwenye bloku moja tu, dada yake akiwa kando yake.

Mkataba wangu umeisha. Nikipita Boito, dada yake husema, "Huyu ndiye alitaka ufukuzwe."

"Kwani alisema nini?" Mama Kerubo huuliza.

Namweleza yote. Safari iliyopita alikasirika, akaniamuru nitoke. Nikatoka. Mwezi huu alinipokea kwa tabasamu, kama mgeni mpya, akanimiminia chai. Dada yake alinyamaza, akiniangalia. Niliweka kikombe chini, nikaanza kueleza.