Alizeti za Njiani

Nakumbuka siku niliyotumwa Mtinko kwa mjomba kuchukua mbegu ya alizeti, mjukuu wangu. Mawingu yalikuwa yametanda, shamba liko tayari, na mbegu yetu yote ya mwaka ule ilikuwa ndani ya gunia lile moja.

Panya walikuwa wamelitoboa pembeni, tundu la kuingia kidole. Mjomba akanipa sindano ya gunia na uzi wa katani, akaniambia nishone kwanza. Mimi, binti wa miaka kumi na sita niliyeazimwa baiskeli kwa mara ya kwanza, nikae chini nishone? Nikaziba tundu kwa kitambaa, nikasema nitashona nikifika nyumbani. Nikanyonga baiskeli huku naimba, shikamoo nazirusha nikiwa juu, adabu hakuna. Kina mama wananipungia mikono, nami nawapungia. Kumbe walikuwa wananisimamisha!

Nafika nyumbani, gunia limenywea, kitambaa hakipo. Nyuma yangu mbegu zimejipanga njia nzima, na kuku wa kijiji wako karamuni. Mama alitazama gunia, akatazama mawingu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shona kwanza," akasema, "ndipo ukaokote."

Nilishona nikilia, nikaokota mpaka mvua ikanikuta njiani. Mwaka ule tulipanda nusu shamba tu.

Lakini sikiliza sasa! Mbegu zilizobaki njiani ziliota. Kandokando ya njia, kutoka Mtinko mpaka mlangoni petu, zikachanua njano tupu, na watu wakaziita kwa jina langu. Babu yako, kijana wa huko Mtinko, alipokuja na wazee wake kuposa hakuuliza njia, alizifuata. Zawadi yake ya kwanza kwangu ilikuwa sindano ya gunia, yule mtu!

Ndiyo hii ninayokushonea begi lako. Basi nakuomba, mwanangu, tundu likiwa la kidole, kaa chini ushone. Iwe nguo, iwe ndoo, iwe mpini wa jembe, tengeneza kwanza, usiseme nitafanya nikifika. Mimi nilipata mume, lakini mama yangu alivuna nusu.

Mungu akupe mikono isiyochoka na ghala lisilovuja. Haya, shika sindano, umalizie upande wa pili.