Siku Niliyowalaza Washenga Kifudifudi

Jamani, hili jambo nilisema nitazikwa nalo, lakini kwa kuwa Mlingotini nzima wanalijua na kila mtu anatia chumvi yake, bora mlisikie kwangu mwenyewe mwenye aibu.

Ni hivi. Siku hiyo wanakuja kumposa mwanangu Mwanahawa, washenga watafika baada ya alasiri, uwanja umefagiwa, mke wangu na dada zake wako jikoni na sambusa, na mimi kazi yangu moja tu: nivae kanzu, nikae barazani, niwe na heshima. Moja! Sasa ile ndege yangu ya rimoti (shule niliishia kidato cha pili, lakini kwa gundi sina mpinzani) bawa lake nilikuwa nimeliunga kwa povu gumu la boksi la friji, na gundi ndiyo kwanza imekauka. Nani angevumilia?

"Baba Mwanahawa," mke wangu kaniona naibeba, "leo hilo lidege liache lilale."

"Raundi moja tu, mama. Kahawa haijachemka nimeshaishusha."

Nikairusha. Wallahi ilipanda vizuri mpaka nikajisifu peke yangu. Ile nataka kuishusha, mkono wa kanzu (mpana kama chandarua) ukanasa kwenye kijiti cha rimoti cha kuongezea moto, mimi navuta niunasue, kumbe ndiyo nakisukuma mpaka mwisho, ndege ikalia ngiiii kama nyigu aliyetukanwa, na nani hao wanaingia uwanjani? Washenga! Wazee wanne, kanzu nyeupe pe, mbele Mzee Shomari, mshenga mkuu, kashika barua ya posa kwa mikono miwili kama kabeba yai.

"Laleni chini!" nikapiga kelele. Hata salamu sikutoa.

Wakalala. Watu wazima, ndevu kwenye mchanga, ndege ikawapitia juu, ikazunguka, ikarudi tena (na mimi naikimbiza, kanzu nimeikunja kiunoni, bukta nje), mwisho ikajipigiza ukuta wa choo, ikatawanyika.

Mzee Shomari akainuka, akajipangusa.

"Bwana mwenyeji, sisi tumekuja kuposa, hatukuja vitani."

Jikoni wakaangua kicheko, lakini nikasikia na mlango wa chumba cha Mwanahawa umebamizwa. Hapo nikajua nimeharibu.

Maana desturi mnaijua, wa upande wa mke ndio tunaoringa, tunapokea barua tunasema tutawajibu. Siku ile sambusa zikaliwa, barua ikarudi mfukoni kwa Mzee Shomari. "Tutashauriana, tutawajibu." Wao watujibu sisi! Wiki nzima binti yangu ananipa shikamoo anatazama ukuta, na kijana wa watu anampenda kweli.

Ikabidi nifunge safari mpaka Kaole kwa Mzee Shomari, nikaomba radhi mate yakanikauka. Akanisikiliza, akaitoa barua.

"Posa iko palepale. Ila siku ya nikaha utakaa karibu yangu, mikono yote miwili juu ya magoti, niione."

Nimeapa, nyumbani kukiwa na wageni hata rimoti ya tivii sishiki. Na siku ya nikaha nilikaa hivyohivyo kama napigwa picha ya kitambulisho, mkono nikauinua mara moja tu, kumshika bwana harusi na kumwozesha mwanangu, na hata hapo Mzee Shomari alinikazia macho mpaka nikaurudisha.