Dakika Hamsini na Tano

Wateja walimwita Bi Dakika, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya kaunta ya tiketi za ndege, na mji wowote ukimtajia alikujibu kabla hujameza mate: kilomita kadhaa, saa kadhaa angani. Mji wa kwao aliujua kuliko yote. Kilomita mia nne na themanini, dakika hamsini na tano. "Hata chai haipoi," aliwaambia wateja. Mwenyewe hakuwa amekanyaga huko kwa miaka minne. Kinyozi hajinyoi, na kilicho karibu nani hukikimbilia?

Mama yake alipompigia kulalamika, jibu lilikuwa lile lile. "Mama, hapo ni pua na mdomo. Nitakuja."

Jumatatu moja asubuhi alikuwa ndiyo kwanza amemuuzia mama mmoja mwenye safari ya harusini siti ya mwisho ya ndege ya mchana. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake.

"Mama kazidiwa. Niko stendi, basi linaondoka sasa hivi. Njoo twende."

"Basi? Saa tisa za kutikiswa? Tangulia tu, kaka. Utanikuta nimeshafika."

Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Mwenye tiketi ya mfanyakazi hupanda pale tu abiria anapokosekana, naye alijua fika ndege imejaa. Lakini kazi ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna ndege inayoruka bila kumwacha mzembe mmoja. Akaenda uwanjani na mkoba mdogo, akasimama kando ya mlango akihesabu vichwa. Siku hiyo wazembe wote walikuwa wamewahi. Wa mwisho kupita alikuwa yule mama wa harusini, akampungia mkono. "Ahsante mwanangu, umenifaa sana!" Bi Dakika akatabasamu. Alitamani kumvuta arudi nyuma, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Basi jingine lilikuwa la kesho yake. Ndege ya asubuhi nayo ilijaa. Alipata siti Jumanne mchana, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye saa. Dakika hamsini na tano, haikuzidi hata moja. Chai aliyopewa hakuigusa. Walipokuja kuchukua kikombe bado kilikuwa cha moto.

Kaka yake alimpokea nje ya uwanja, macho mekundu. Bi Dakika hakuwa na haja ya kuuliza, lakini aliuliza.

"Alfajiri," kaka akasema. "Nilimkuta bado anaongea. Kila mlango ukigongwa anageuza kichwa. Nikataka nikupigie nijue umefika wapi, akanikataza."

"Alisemaje?"

Kaka akamtwaa mkoba, akautazama badala ya kumtazama yeye.

"Alisema, 'Mwache asihangaike. Kwake yeye ni karibu.'"