Busia Gani?

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki. Nilisimama kwenye veranda ya mahakama ya Busia, upande wa Kenya, viatu vimepigwa rangi, nikingoja kesi ya binti yangu Athieno. Mimi na mama yake, Nyachwo, tulikuwa tumeachana. Simlaumu. Mimi ni mtu wa njia, leo Malaba na mitumba, kesho Mbale, na nyumba haikai na mtu anayeishi ndani ya begi. Nilitaka tu sheria iniruhusu kukaa na mtoto wakati wa likizo, maana Nyachwo alikuwa amenifungia mlango.

Wakili nilimpata kama tunavyopata kila kitu hapa mpakani: nilishika wa karibu na wa bei nafuu. Rahisi ghali, lakini nani husikia akiwa na haraka? Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza mtoto anaishi wapi, nikajibu, "Busia." Akaandika. Nikamlipa yote siku hiyohiyo, nikajiona mwanamume.

Asubuhi ile alitoka ndani amekunja uso.

"Bwana Wandera, mtoto yuko Busia gani?"

"Si Busia tu, wakili. Pale ng'ambo, nyuma ya soko."

"Ng'ambo Uganda?"

"Kwani Busia ni ngapi?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Shauri lilikuwa limetupwa. Mtoto na mama yake wanaishi Uganda, na yeye, wakili wa Kenya, hana ruhusa ya kusimama katika mahakama za kule. Sisi tunaovuka kununua sukari na kurudi kabla maji hayajachemka tumesahau kwamba mpaka upo. Sheria haijasahau. Pesa nayo haikurudi. Kazi, alisema, ilishafanyika.

Nikaenda Paya, kijijini upande wa Uganda, kwa mama mkwe, anisemee kwa bintiye. Kwa heshima ya ukwe hatuonani uso kwa uso, kwa hiyo yeye alikaa ndani, mimi nje kwenye kigoda, tukaongea kupitia mlango ulioegeshwa.

"Ng'ombe yako napotea Uganda," akasema, "wewe natafuta Kenya?"

Nikasogeza kigoda, naye akaendelea.

"Na mimi iko hapa. Kwa nini hapana uliza mimi kwanza? Mimi hapana lipisha."

"Mama, nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Wewe kila siku nakwenda."



Nilianza upya Tororo, hukohuko Uganda, kwa wakili mwanamke asiye na maneno mengi. Kabla ya kugusa pesa aliuliza mtoto analala wapi na anasoma shule gani. Alinieleza shauri zima litagharimu kiasi gani, na nauli yake ya kwenda mahakamani iko ndani au nje ya bei hiyo. Nikalipa kidogo kidogo, kila mara kwa risiti. Mwisho alituketisha mimi na Nyachwo, tukaelewana bila hata kusimama mbele ya hakimu. Lakini miezi ilikuwa imekwenda. Siku Athieno alipoletwa kwangu mara ya kwanza, alinipa mkono kama mgeni.

"Jambo, anko," akasema.

Basi nakuusia, kwa kuwa wengi wenu mnaoana ng'ambo na ng'ambo. Wakili wa karibu si yule aliye karibu na duka lako. Ni wa karibu na godoro la mtoto. Muulize anaruhusiwa kusimama mahakama ipi, usione haya, kuuliza si ujinga. Bei ijue yote kabla ya kutoa shilingi, na usilipe zote kwa mkupuo. Na kabla ya hayo kaa kwenye kigoda cha wakwe, hata kama maneno ya ndani yatakuchoma.

Mungu akujalie usimhitaji wakili kamwe. Ukimhitaji, akupe wa upande wa mwanao. Na siku utakapobisha hodi, sauti itakayoitikia ndani ikuite baba.