Malimbuko kwenye Beseni

Mama yangu hajawahi kula samaki. Si kwa sababu ya ugonjwa wala nadhiri. Alizaliwa na kuzeekea kwenye mteremko wa Meru, juu ya Kikatiti, na tangu utotoni alijua kwamba samaki ni ndugu wa nyoka aliyehamia majini. Hakuona sababu ya kubadili mawazo eti kwa kuwa ndugu huyo amekaangwa. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemshawishi ang'oe mibuni ya marehemu baba ili tuchimbe bwawa.

Naandika "tuchimbe" kwa mazoea. Wachimbaji walichimba, mimi nilishika karatasi yenye mchoro.

Mibuni ilikuwa imechoka, hilo ni kweli, ila ilikuwa na kazi moja ambayo sikuifikiria. Kila mwaka, Jumapili ya mavuno, mama alipeleka kanisani debe la kahawa ya kwanza. Liliwekwa mbele pamoja na ndizi, mahindi na kuku wa watu wengine, na ibada ikiisha vyote viliuzwa kwa mnada uwanjani. Mwaka baba alipofariki alilipeleka. Mwaka alioteguka mkono aliwabebesha watu, akatembea mbele yao. Debe lile ndilo lililomfanya awe mtu pale usharikani. Kwa hiyo mibuni ilipong'olewa, alisimama wakati wa matangazo, akasema mbele ya wote kwamba mwaka huu malimbuko yake yatatoka bwawani. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake. Nilipiga makofi.

Vifaranga wa perege tuliwachukua kwa mfugaji mmoja kule chini barabarani. Alitufungia ndani ya mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, kila kifaranga mdogo kama punje ya mchele, macho mawili na mkia. Akatupatia na kopo la chakula, unga laini sana wa dagaa.

"Wape huu huu kwa wiki kadhaa," aliniambia. "Ukitaka kubadili, changanya kidogo kidogo. Usiwageuzie ghafla, mzee."

Neno "mzee" liliniudhi kiasi kwamba yaliyotangulia sikuyasikia vizuri.

Naishi Kijenge, mjini Arusha, nyumba ya kupanga, na najipatia riziki kwa kunyoosha sentensi za ripoti za watu wengine. Nina shahada ya historia, ambayo ilinizoesha kuamini chochote kilichochapishwa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba perege anakula mimea. Labda waliandika pia ni perege wa umri gani, lakini mimi husoma mpaka pale ninapokubaliana na mwandishi, kisha nafunga. Wiki ya pili nilipanda mlimani na kiroba cha mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, vilivyosagwa pamoja, nikaliondoa lile kopo la dagaa.

Mama alikuwa amesimama kando ya bwawa, mkono kiunoni.

"Baba," alisema. Mama huniita baba kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. "Hao bado wananyonya."

"Samaki hawanyonyi, mama."

"Najua hawanyonyi. Nakwambia ni wachanga. Ninyi sita nimewalea mimi. Ndizi laini niliwaanzishia kijiko kimoja, maziwa mengi. Wiki nyingine vijiko viwili. Ningekuachisha ziwa nikakushindilia bakuli la mahindi na mtindi siku hiyo hiyo, leo ungekuwa na hicho cheti?"

Nilimpa somo la robo saa. Nilitaja protini, nikataja wanga, nikachora kitu kwenye udongo kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kile kijiti.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Niliipokea kama sifa.

Baada ya wiki chache matumbo ya vifaranga yalianza kuvimba, na nyuma yao zikaning'inia nyuzi nyeupe za kinyesi. Wengine walielea. Mama alinipigia simu, akaniambia bila lawama, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Nikafanya kile ambacho mfugaji yeyote wa kuku Arusha angefanya. Nilipita duka la dawa za mifugo nikanunua ile dawa ya unga wa njano ambayo tunawawekea kuku wachanga kwenye maji siku za kwanza, wawe wanaumwa au hawaumwi. Hatumuulizi mtu. Niliwahi kufuga kuku uani Kijenge nikawapa dawa hiyo, wakafa baadaye kwa kitu kingine, nikahesabu kwamba dawa ilifanya kazi. Sasa nikaichanganya kwenye mashudu, siku tano mfululizo.

Uvimbe ulipungua. Nilimpigia mama simu kumpongeza, maana yake kujipongeza.

Lakini hawakukua. Walikula. Ee Mungu, walikula! Mama alikuwa akirusha konzi ya chakula na maji yanachemka kwa midomo. Wiki zikapita, vichwa vikakomaa, miili ikabaki pale pale, hadi wakafanana na misumari. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia, na watu wakaanza kumuuliza mama njiani, kwa heshima na kwa umbea, samaki wamefikia wapi. Alikuwa anaonyesha kwa mkono, kiganja kizima. Nilimwona akifanya hivyo siku moja tukitoka dukani. Sikuwahi kumwona mama yangu akidanganya kabla ya hapo.

Nikamleta afisa uvuvi, binti mwenye buti za mpira na haraka ya mtu mwenye mabwawa mengine matano ya kutembelea. Alimshika mmoja, akampasua kwa wembe juu ya mfuniko wa ndoo, akanionyesha utumbo. Ulikuwa mwembamba, unapitisha mwanga.

"Mlianza na chakula gani?"

Nikaeleza. Nilipofika kwenye dawa ya kuku aliacha kuandika.

"Mzee, chuo ulisoma nini?"

"Historia."

"Aa," alisema. "Basi."

Alinieleza polepole, kwa ukarimu ambao sikustahili. Kifaranga anapoanza kula, alisema, bakteria wanaingia kutoka majini na kwenye chakula na kufanya makazi tumboni. Chakula ndicho kinachoamua nani anashiba na kubaki, nani anaondoka. Wapo wanaomsaidia kusaga chakula, wapo wanaozuia wabaya wasipate pa kukaa. "Wewe umewaletea chakula kigumu siku ambazo walitaka laini chenye nguvu. Halafu hata wale wachache waliokuwa wameshakaa, ukawafukuza kwa dawa. Siwezi kukuambia ni kosa lipi limefanya nini. Mwili wenyewe ulikosa cha kujengea, na tumbo halikupata wenyeji wake."

"Nikirudisha dagaa?"

"Rudisha. Ila usitegemee sana."

Wakati nashuka nilifikiria mtaa wa Sombetini, kule mjini. Nilipanga chumba kule zamani, watu wakiwa ndio wanaanza kujenga. Aliyefika kwanza aliweka ukuta alipotaka, wa pili akauegemea, wa tatu akaziba kilichobaki. Leo nyumba ikishika moto gari la zimamoto haliingii, na hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu kila mmoja alikuta mwenzake ameshajenga. Nikaona tumbo la kila samaki wetu ni mtaa wa namna hiyo, na mimi ndiye niliyegawa viwanja. Nilifurahia mfano huo mpaka stendi. Hiyo ndiyo faida ya elimu yangu: naweza kueleza vizuri sana kitu nilichokwisha kuharibu.

Tulirudisha dagaa. Walikula kwa furaha ile ile. Hawakuongezeka hata nusu kidole.

Asubuhi ya mavuno nilifika kwa mama na ndoo ya barafu. Ndani kulikuwa na sato wawili wa Ziwa Viktoria niliowanunua sokoni mjini, wakubwa, wa kujaza sinia.

"Shikamoo mama. Peleka hawa."

"Marahaba." Aliinama akawatazama. "Hawa nani amewalea?"

"Mama, hakuna atakayejua."

"Nimeuliza nani amewalea."

"Ziwa."

"Basi ziwa liwapeleke kanisani kwao." Alikuwa ameshavaa kitenge cha sikukuu. "Mimi sikuahidi wakubwa, baba. Niliahidi wa kwanza."

Akachota samaki wake kumi na wawili kwa chujio la chai, akawatia kwenye beseni la maji, akalifunika kwa kitambaa cheupe kilekile alichokuwa akifunikia debe. Alikataa nimbebee.

Mnada ulianza jua likiwa kali. Walitangulia mbuzi, kuku, mikungu ya ndizi, maboga. Beseni lilikaa juani kwenye majani, mwishoni kabisa. Mzee wa kanisa aliyenadi alipolifikia alifunua kitambaa, akainama zaidi, kisha akajitahidi.

"Haya, wapendwa! Mama ametuletea samaki! Wa kisasa!"

"Wa kula au wa kuangalia?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Leta miwani kwanza!"

"Ndugu zangu, mbona wamelala?"

Walikuwa wamegeuka matumbo juu, wote. Kicheko kilianza na kikakatika, na kukatika kwake kulikuwa kubaya kuliko chenyewe. Mama alikuwa amesimama wima, anatazama mbele, kama siku ile ya matangazo. Jirani yake mmoja, bibi ambaye naye hali samaki, aliinua mkono akataja bei ya kuku mzima. Hakuna aliyemshinda. Kisha akasema neno ambalo watu husema pale wanapotaka kumheshimu mjane: "Nanunua, na namrudishia mama mwenyewe."

Watu walipiga makofi. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, debe la kahawa liliondoka na mnunuzi. Halikuwahi kurudishwa.

Mama akabeba beseni lake mpaka nyumbani. Nilimfuata nikitafuta cha kusema, na kila kilichonijia kilikuwa ufafanuzi. Alipofika alimwaga maji yote kwenye migomba, pamoja na samaki, akaning'iniza kitambaa kwenye kamba, akaenda bwawani. Ulikuwa wakati wa kulisha.

"Mwakani nitapeleka nini, baba?" aliuliza bila kugeuka.

Mbuni ukipandwa leo unahitaji miaka kabla ya kujaza hata kopo, na mama ana miaka sabini na tisa. Akaingiza mkono kwenye kopo na kurusha konzi ya kwanza. Wakaja kutoka kila upande, vichwa vikubwa, midomo wazi, wakala.