Mkwe Katika Wodi ya Kifua

Mwaka mzima Nyanjige alimbembeleza mganga mkuu, hadi akakubali: katika wodi ya kifua kikuu hakuna kuvuta tena, awe mgonjwa au mtumishi. Nyanjige ndiye aliyekuwa muuguzi kiongozi wa wodi hiyo, pale Bariadi, na ndiye aliyesimama mlangoni kuwapekua ndugu wa wagonjwa, akifumania sigara kwenye pindo za khanga na tumbaku chini ya ugali. Walimchukia. Hakujali.

Nje ya lango vibanda vilikuwa vimeota kama uyoga tangu biashara ifunguliwe. Sigara ziliuzwa moja moja, pembeni ya maandazi.

"Siku hizi kila kitu ruksa, sista," wauzaji walimtania. "Ujamaa umebaki kwako tu!"

Kisha akaletwa mzee Mayige kutoka Migato, anatema damu. Alikuwa baba wa mumewe, Mihayo.

Nyanjige alitoka kwa mlango wa nyuma. Kwao, mke hamkaribii mkwewe: hamgusi, hasemi naye uso kwa uso, hafiki anapolala. Aliishi hivyo tangu aolewe na hakuwahi kuona kuwa ni mzigo. Basi mzee akawa wa Athanasi, muuguzi mwenzake, mtu mcheshi mwenye mkono mwepesi wa sindano, aliyevuta sigara tangu alipokuwa jeshini. Kila asubuhi Nyanjige alimtuma kwa mzee na salamu ya kwao: "Mwambie mwangaluka." Na kila asubuhi aliuliza jambo lile lile.

"Umepekua blanketi? Mzee hakosi kiko."

"Nimepekua, mama Kija. Hana kitu."

"Mbona nasikia harufu?"

"Hiyo yangu. Nifukuze kazi basi!"

Hakuwa na uwezo huo. Mganga mkuu naye alipoambiwa alikunja uso. "Serikali imeshapunguza watumishi. Nikimgusa Athanasi, sindano atachoma nani?"

Wagonjwa wengine walianza kunenepa. Mzee Mayige alizidi kukonda, na kikohozi chake kilipenya ukuta hadi kwenye chumba cha wauguzi. Alasiri moja Nyanjige akachungulia dirishani. Athanasi alikuwa ameketi kitandani kwa mzee, wanapokezana kiko, wanacheka kama watu wa rika moja.

Akaingia. Alikwenda moja kwa moja hadi kitandani, akakichukua kiko mkononi mwa mkwewe, na vidole vyao vikagusana.

"Baba, kitakuua hiki."

Mzee alijifunika shuka gubigubi.

"Athanasi," alisema humo ndani, "mwambie mke wa mwanangu amenivua nguo mbele za watu."

"Mzee, si huyu hapa? Anakusikia."

"Mwambie! Halafu Mihayo alete mkokoteni. Silali tena hapa."

Kesho yake Mihayo alifika na ng'ombe wawili na godoro. Dawa za baba yake zilikuwa hazijafika hata nusu.

"Ungetuma mtu," alimwambia mkewe.

"Nilimtuma Athanasi."

Mihayo alimbeba baba yake mgongoni, akamlaza kwenye mkokoteni. Nyanjige alishika mkokoteni, akasihi, akataja sindano zilizobaki. Mzee aligeuza uso upande wa pili, na ng'ombe wakaswagwa.

Mihayo alibaki huko na baba yake, na habari hazikuja tena kutoka Migato. Wakati pamba inaanza kufunguka, Mihayo alirudi nyumbani Bariadi amenyoa kichwa. Hapo ndipo Nyanjige alipojua kwamba wameshazika, na kwamba yeye hakuitwa.